Neno "Waya": Maana Yake ya Dhahiri na Maana Yake ya Fumbo

Neno la kigeni liingiapo katika Kiswahili huja kwa kawaida na kazi moja tu. Huletwa na kitu, hukaa karibu na kitu hicho, na kwa muda fulani halina la kusema zaidi ya kukitaja. Likiisha kuzoewa ndipo huanza kutembea. Neno "waya" ni mfano mwema wa safari hiyo. Lilitoka katika Kiingereza likiwa jina la uzi wa madini. Likapewa kazi ya kutaja kile kibebacho umeme. Kisha, katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, likawa mojawapo ya mafumbo ambayo watu wa Tanzania waliyatumia kuusema Ukimwi bila kuutaja. Maana mbili za kwanza zajulikana na kila mtunga kamusi. Ya tatu imezoewa kuachwa mitaani, kana kwamba ni tope la viatu lisilofaa kuingizwa ndani. Hoja ya makala haya ni kwamba maana hiyo ya tatu yastahili kupimwa kwa mizani ileile ipimayo sitiari za washairi, tena kwa uangalifu zaidi. Kwani sitiari ya mshairi ikipotoka huharibu ubeti, lakini hii ilipopotoka ilimharibu mtu.

Wilaya ya Rungwe, ambayo makao yake yako Tukuyu, yafaa kuwa uwanja wa uchunguzi huu kwa kuwa maana zote tatu zaweza kuonekana huko mahali pamoja. Waya wa shaba ulivaliwa na wenyeji wake tangu kabla ya Kiswahili kuwa lugha ya ofisi. Nguzo za umeme zapita leo kati ya migomba na mashamba ya chai, katika nchi ambayo mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Tena Rungwe imo katika Mkoa wa Mbeya, ambao katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2003–04 ulionekana kuwa na maambukizi mengi kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara: asilimia 13.5 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, hali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Barabara kuu itokayo Uyole kwenda mpaka wa Malawi huko Kasumulu hupita Tukuyu, na maneno mapya hupanda na kushuka katika barabara hiyo pamoja na ndizi, chai na abiria.

Kwanza itazamwe maana ya dhahiri. Kiswahili hakikungoja Kiingereza ndipo kipate majina ya uzi wa madini. Waya mwembamba wa mapambo uliitwa "udodi", na waya mnene wa shaba, ambao misafara iliuchukua bara kuwa bidhaa, uliitwa "masango". Waya wa kuzungushia boma waitwa "seng'enge" hata leo. Na neno "simu", ambalo sasa limeacha kabisa kuwa na sura ya waya, lilitoka katika Kiajemi, na maana yake huko ni fedha na uzi wa madini. Likaingia katika Kiswahili kwa njia ya ile mitambo ya kupeleka habari kwa waya. Kila neno katika haya lilikuwa na mahali pake: udodi mkononi, masango katika mzigo, seng'enge katika ua, simu katika ofisi ya posta. Katika nchi ya Rungwe waya wa namna ya masango ulikuwa pambo la heshima. Wasafiri na wamisionari wa mwisho wa karne ya 19 waliandika habari za Wanyakyusa waliovaa mapete ya shaba kiunoni, na picha zao zimebaki. Kwa hiyo maana ya kwanza ya kitu hiki katika nchi ile haikuwa hatari hata kidogo. Ilikuwa ni kitu cha kugusa, cha kusuguliwa mpaka king'ae, cha kukaa juu ya ngozi mchana na usiku.

Neno "waya" lilipoingia lilikuta nafasi si tupu, bali lilikuwa na jambo moja lililoyashinda majina ya zamani: halikufungwa na kazi moja. Lingeweza kuwa la pambo, la ua, la simu na la umeme. Na Kiswahili kililipokea kwa namna ambayo yastahili kutazamwa na wanasarufi. Sauti "wa-" iliyo mwanzoni ni sehemu ya neno lenyewe katika Kiingereza, wala si kiambishi. Lakini sikio la Mswahili lilikuwa limekwisha zoea "wavu" na "nyavu", "wayo" na "nyayo". Tena lilikuwa limekwisha watendea hivyo wageni wengine, maana "waraka" na "wakati" ni maneno ya Kiarabu, na wingi wake ni "nyaraka" na "nyakati". Kwa kanuni hiyohiyo "waya" ukapata wingi wa "nyaya". Jambo hili si la sauti peke yake. Ngeli ya U imekusanya vitu vingi vilivyo vyembamba na virefu, kama uzi, ufito, ukambaa na ugwe. Waya kwa umbo lake ulikuwa ndugu yao, na lugha ikaupeleka kwa ndugu zake.

Hata hivyo umoja na wingi wa neno hili haukutulia. Katika matumizi ya leo yaonekana namna tatu za wingi, na kila moja ina watu wake. Mwenye duka la vifaa husema "waya hizi", asibadili neno, kwa kuwa kwake ni bidhaa ipimwayo kwa mita kama kitambaa. Fundi na shirika la umeme husema "nyaya", na ndivyo matangazo ya hadhari yaandikwavyo. Namna ya tatu ni "miwaya". Kiambishi "mi-" hapa si kile cha miti na mikono. Ni kile cha "mijitu" na "mijumba", kikuzacho kitu na kukitia ubaya kwa wakati mmoja. Mtu aweza kusema "miwaya" na kumaanisha nyaya kubwa tu zilizopita juu ya nyumba yake; lakini neno hilo likisemwa kwa sauti ya chini, bila nguzo yoyote karibu, lilikuwa jina la Ukimwi. Yafaa ikumbukwe kwamba "miwaya" ya namna hii haina umoja unaolingana nayo: hakuna asemaye "mwaya". Ugonjwa ulipewa wingi usio na mmoja wake, kitu kilichotandazwa kila mahali ambacho hakuna awezaye kukihesabu. Sarufi yenyewe ilikuwa imekwisha anza kazi ya fumbo kabla tamathali haijafafanuliwa.

Ili fumbo hilo lieleweke, hapana budi kujua kwanza tabia ya waya wa umeme. Umeme wa matumizi ya watu wote ulianza Tanganyika mwaka 1908, katika mji wa Dar es Salaam, chini ya Wajerumani. Mwaka 1931 ziliundwa kampuni mbili za kuuza umeme, na moja yao ilikuwa TANESCO. Serikali ikazinunua mwaka 1964, na jina la TANESCO ndilo lililobaki. Vijiji vingi vilingoja mpaka Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007. Lakini watu wa Rungwe wengi walikuwa wameujua umeme kabla haujafika kwao. Tangu nyakati za ukoloni wanaume wa nchi ile walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na katika migodi ya Afrika ya Kusini. Hadithi ya waya uuao yaweza kuwa ilirudi nyumbani katika masanduku yao kabla ya waya wenyewe.

Waya wenye umeme haujitambulishi. Hauna harufu, haubadili rangi, hautoi joto la kuonya. Waya wenye umeme na waya usio na umeme huonekana ni mmoja kwa jicho. Ndiyo sababu mafundi wameuita ule wenye umeme "waya wa moto", jina liuambialo mkono kile ambacho jicho haliwezi kukiona. Ndege hutua juu yake na kuruka salama, kwa kuwa miguu yake yote iko juu ya waya mmoja na mwili wake haukuunganisha waya na kitu kingine. Mtu asimamaye juu ya ardhi yenye maji akiugusa huwa daraja, umeme ukapita katika mwili wake kwenda ardhini. Katika nyumba za Tanzania nguvu yake ni volti 230. Katika njia kubwa zipitazo mashambani ni volti 11,000 na 33,000. Tena umeme wa nyumbani, ambao hukamilisha mizunguko 50 kila nukta, hukaza misuli ya mkono hata mshikaji asiweze kuachia. Kiswahili kimelisema jambo hili vizuri kwa kitenzi kimoja: amenaswa. La mwisho ni hili: aliyenaswa huwa yeye mwenyewe sehemu ya waya. Ajaye kumvuta kwa mkono mtupu huweza kunaswa naye. Kwa hiyo mafundisho ya usalama husema: usimguse, zima swichi kuu kwanza, na kama ni njia kubwa, kaa mbali kabisa na uwaite wenye kazi.

Sasa itazamwe maana ya fumbo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 huko Kagera. Huko ugonjwa uliitwa "Juliana", kwa jina la nguo iliyopendwa iliyokuwa ikitoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka uliitwa kwa neno la wembamba. Jina rasmi, Ukimwi, liliundwa kwa herufi na silabi za maneno "upungufu wa kinga mwilini", na sura yake ikafanana na neno lililozaliwa katika ngeli ya U pamoja na ukoma na upele. Ni kazi nzuri ya watunga istilahi. Lakini jina rasmi lilikuwa zito mno kutamkwa mbele ya mwenye ugonjwa au jamaa zake, na lugha ya mitaani ikazaa mengine: "ngoma", "mdudu", "miwaya". Mtu aliyeambukizwa alisemwa kuwa "amekanyaga waya" au "amekanyaga miwaya".

Si kila neno la umeme lilichukua mzigo huo. Mtu aliyechoka husema kwamba chaji imemwishia. Aharibuye furaha ya wenziwe husemwa kuwa "amekata stimu". Aliyezimia au kufa husemwa kuwa "amekata moto". Katika misemo hii yote mwili au furaha hufananishwa na chombo kipewacho nguvu, na umeme ni uhai wenyewe. Ubaya ni kuukosa. Waya peke yake hugeuza mambo: ubaya ni kuupata. Kwa Waingereza mtu mchangamfu, mwepesi wa kutenda, husifiwa kwa kufananishwa na waya wenye umeme. Katika Kiswahili sifa hiyo haikuingia. Mswahili alipoutazama waya uleule aliona kifo, wala hawezi kulaumiwa kwa hilo, kwani waya huo alipewa uangalie juu ya kichwa chake miaka mingi kabla haujaingia katika nyumba yake.

Yapo mambo matatu ambayo fumbo hili lilisema kweli. La kwanza ni kutoonekana. Virusi vya Ukimwi vyaweza kukaa katika mwili wa mtu miaka minane au kumi, naye akawa na afya ya kuonekana, mnene na mcheshi. Waya hautambuliwi kwa kutazamwa, na mtu vivyo hivyo. Mafundisho ya afya yalihitaji maneno mengi kulieleza jambo hili. Mtaa ulilieleza kwa neno moja. La pili ni kunaswa, maana kwa miaka mingi haikuwapo njia ya kuachia. La tatu ni kitenzi chenyewe, "kukanyaga". Mtu hakusemwa kuwa ameushika waya, bali ameukanyaga; na akanyagaye hukanyaga asichokiona, akiwa njiani kwenda kwake. Katika kitenzi hicho mna huruma. Hakuna dhambi katika kutembea, ijapokuwa pana kidogo cha lawama ya kutotazama chini.

Katika nchi ya Rungwe jambo hili la tatu lilikuwa na uzito wa pekee. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, waliandika kwamba ugonjwa na misiba havikudhaniwa kuja bila mtu. Yalikuwapo matendo ya wachawi. Ilikuwapo pia ile iliyoitwa pumzi ya watu, yaani manung'uniko ya haki ya majirani yaliyomshukia mkosaji kama baridi na kumwuguza. Katika fikira za namna hiyo mgonjwa aliulizwa maswali mawili: nani amekutendea, au wewe ulimtendea nani? Msemo wa waya haukuuliza hata moja. Waya haukutumwa na jirani, wala hauna kinyongo. Umetandazwa na watu wasiomjua aliyeukanyaga, na humwua mwema na mwovu kwa nguvu ileile. Kwa kuutoa ugonjwa mikononi mwa binadamu na kuuweka katika kitu, fumbo lilifungua mlango wa kuufikiri bila kumtafuta adui. Hiyo ni faida ambayo mabango mengi ya afya hayakuweza kuileta, na mhakiki hana budi kuiandika upande wa mapato.

Lakini kila sitiari hubeba mgeni ambaye hakualikwa. Atoaye mfano huona mambo mawili au matatu yanayofanana; asikiaye hupokea kitu kizima pamoja na yale yasiyofanana. Waya wa umeme huja na kanuni yake: usiguse, na usimguse aliyegusa. Kanuni hii, ambayo juu ya waya halisi huokoa maisha, juu ya mgonjwa wa Ukimwi ni uongo. Virusi hivi haviambukizwi kwa kushikana mikono, wala kwa kula pamoja, wala kwa kumwosha mgonjwa, wala kwa kulala nyumba moja naye. Njia zake zajulikana: kujamiiana, damu, na mama kwa mtoto wake. Hata hivyo mtu aliyeitwa "aliyekanyaga waya" alifanywa na neno lenyewe kuwa sehemu ya waya. Kombe lake lilitengwa, kitanda chake kikasogezwa, na mkono uliokuwa tayari kumshika ulisita. Haitakuwa haki kulitwika neno hili peke yake mzigo wa unyanyapaa, ambao ulikuwa na chemchemi nyingi, na matangazo ya kutisha ya miaka ile yalikuwa mojawapo. Lakini neno liliutoa unyanyapaa huo sababu iliyofanana na elimu. Aliyekataa kumgusa ndugu yake hakujiona mkatili. Alijiona fundi mwenye hadhari.

Kwa ufupi, fumbo lilimwokoa jirani katika tuhuma, likamwacha mgonjwa peke yake.

Jambo hili si geni katika Kiswahili. Neno "kifafa" limeundwa kwa mzizi wa kufa, kwa kuwa mgonjwa huanguka kama mfu kisha huamka. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwaka 1960, alikuta watu wakiogopa kumgusa mgonjwa aliyeanguka, kwa kudhani kwamba mate yake yaambukiza. Na wengine waliangukia motoni wakaungua, hali wenye mikono ya kuwavuta walikuwa karibu. Kifafa hakiambukizwi kwa kugusa. Katika mambo haya mawili, Mahenge na Rungwe, kosa ni lilelile: jina la ugonjwa lilibeba kifo ndani yake, na kifo kikadhaniwa kuhama kwa mkono.

Laiti fumbo la waya lingeendelezwa, lingeweza kujisahihisha lenyewe. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi kwa mpango wa taifa, na tangu mwaka 2016 kila aonekanaye kuwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja augue. Utafiti umethibitisha kwamba mtu atumiaye dawa hizo sawasawa, hata virusi visionekane katika vipimo vya damu yake, haambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa lugha ya fundi, huyo ni waya uliozimwa. Waya wenyewe ungali upo, na swichi yahitaji kulindwa kila siku kwa sababu dawa zikiachwa nguvu hurudi. Lakini maadamu swichi iko chini, waya hauna tofauti na ule ambao babu walijivika kiunoni. Msamiati wa kusema hivyo ulikuwapo tayari: kuzima, kukata, swichi kuu. Hata hivyo msemo huo haukushika kama ulivyoshika ule wa kukanyaga. Lugha ilikuwa na haraka ya kutaja hatari, ikawa na uvivu wa kutaja usalama. Hapa ndipo udhaifu wa fumbo hili kama kazi ya lugha unapoonekana: lilisimama katikati ya mfano wake, likachukua waya na kuiacha swichi.

Watakuwapo watakaosema kwamba maneno ya mitaani hayana mahali katika uchunguzi wa lugha sanifu, kwa kuwa huja na kupita. Jibu ni kwamba kupita kwake ndiko kunakodai yaandikwe. Mkusanyo wa lugha ya mitaani uliotolewa na Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling mwaka 2006 umeonyesha kwamba usemi huo wa vijana si ovyo, bali una njia zake za kuunda maneno, na sitiari ni mojawapo ya zile kubwa. Msomaji wa miaka ijayo atakayekuta katika barua, katika riwaya au katika kumbukumbu za mahojiano kwamba mtu fulani wa Tukuyu "alikanyaga waya", akifungua kamusi na kukuta uzi wa madini tu, atadhani kwamba mtu huyo alikufa katika mvua chini ya nguzo. Kamusi itakuwa imesema kweli, naye atakuwa amedanganyika.

Kwa hiyo yapendekezwa kwamba ingizo la neno hili liwe na mafungu manne. Kwanza: uzi wa madini, wingi "waya" au "nyaya", pamoja na rejeo kwa udodi, masango na seng'enge. Pili: uzi huo upitishao umeme au simu, na chini yake "waya wa moto", uwekao hatari katika maneno. Tatu: katika umbo la "miwaya", nyaya kubwa au nyingi, kwa kukuza na kudunisha. Nne: kwa fumbo, hasa tangu miaka ya 1990, Ukimwi au virusi vyake, "kukanyaga waya", kuambukizwa. Fungu la nne lipewe alama ya lugha ya mitaani, na alama ya pili ambayo kamusi nyingi hazijazoea kuiweka: kwamba msemo huo huumiza yule anayesemwa. Alama hiyo haimkatazi mtu kusema. Humpa mwalimu, mwandishi na mhudumu wa afya nafasi ya kujua anachokibeba kabla hajakitoa kinywani.

Kuhusu wafundishao afya, somo ni fupi. Wasilikimbie fumbo la waya, kwa sababu watu tayari wanalo na sehemu yake kubwa ni kweli. Walimalizie. Waseme kwamba waya hautambuliwi kwa macho, na kwa hiyo kipimo ni lazima. Waseme kwamba swichi ipo, na mahali ilipo pajulikana katika kila kituo cha dawa. Na hapo ndipo waseme, bila kuficha, kwamba mfano huu una mpaka. Waya hukataza mkono. Mgonjwa hukutana na watu wake kwa mkono: wa kumnyosha, wa kumlisha, wa kumshikia kikombe. Sitiari ikifika kwenye mkono huo haina budi kusimama.